Mpira wa Mfuniko

Kibanda changu kinatazamana na duka la vioo,
hapa Double Road, Moshi mjini.
Wao wana kiyoyozi. Mimi nina mwavuli wa kampuni ya simu
na koleo tatu, moja haina mpini.
Kila kinachouzwa ng'ambo ile kwa shangwe
huvuka siku moja kuja huku, kimelazwa kwenye toroli,
kimya.

Mwezi wa sita walileta friji yenye kioo cha kuongea.
Milioni sita na laki nne, kuletewa nyumbani bure.
Godlisten muuzaji, tai shingoni, jasho hana,
akasema: hii inakukumbusha maziwa yakiisha.
Mama mmoja wa Pasua akapima baridi kwa kiganja.
"Baba, maziwa yakiisha kwangu
mtoto hukumbusha mtaa mzima."
Hata mlinzi alicheka.
Wiki nzima watu waliingia, wakapoa, wakatoka,
friji ikabaki inajimulika yenyewe,
ikitangaza mvua ya mji usio wetu.

Usidhani tunaogopa kipya.
Mtungi wa gesi ulipoingia
shangazi yangu aliufunga uani kama mbuzi,
akapikia nje, mguu mmoja tayari kukimbia.
Leo ukimwishia usiku, bodaboda analeta mwingine
kabla vitunguu havijapoa.
Ila ulianza kushinda walipoleta ule mdogo.
Bei haiumi kwa ukubwa wake.
Inauma kwa kuja yote siku moja.

Ndeanasia anauza makande stendi.
Maharage yake yanakula mkaa
kuliko wateja wanavyokula maharage.
Jiko la presha la umeme, laki mbili na themanini,
alilisalimia kwa macho miezi minne.
Zamu yake ya mchezo ilipofika akalinunua,
akanipitia, jiko bado limo ndani ya boksi:
"Fundi, nihesabie uniti."
Tukachukua daftari la mwanawe, nyuma ya Sayansi.
Mkaa kopo tano kwa siku. Umeme uniti moja na kitu.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.
"Kwa hiyo mwezi wa tano litakuwa limejilipa?"
Mwezi wa tano, nikasema,
Mungu na Tanesco wakipenda.

Alipika. Dakika arobaini!
Majirani walikuja dirishani kusikiliza.
Kwa mara ya kwanza alilala hadi saa kumi na moja,
na usingizi ule, aliniambia,
hakujua auandike safu gani.

Mwezi wa tatu mpira wa mfuniko ukachanika.
Duara tu la mpira, jepesi kuliko chapati.
Godlisten akapiga simu Dar,
Dar wakasema uko melini, subirini wiki nane.
Nikazunguka Mbuyuni, nikazunguka Majengo,
nikampigia fundi mwenzangu wa Kilombero, Arusha,
akacheka, akaniuliza kama mimi ninao.
Nikakata tyubu ya fuso, nikaupima, ukakaa sawasawa.
Nikaona aibu, nikautupa.
Chakula cha watu kile.

Jiko likapanda juu ya kabati,
likafunikwa kitambaa cha kufuma,
picha ya kipaimara ikasimama juu yake.
Kopo tano zikarudi. Saa tisa za usiku zikarudi.
Moshi ukarudi Moshi.

Godlisten huvuka kunywa chai kwangu siku hizi,
tai mfukoni.
"Fundi, watu wako wanataka nini hasa?"
Mimi napuliza solda, simjibu haraka.
Nawaza msumari mmoja pale Mbuyuni,
kati ya tambi za jiko la mafuta na chujio za chai.
Siku nitakayoukuta mpira ule umening'inia hapo,
mmoja buku tatu, miwili buku tano,
na kijana anayeuuza hajui hata jina la kampuni,
anaita tu kwa sauti, kama anayeuza nyanya:
mpira wa makande, mama,
mpira wa makande.